Alama Nane Barabarani

Chorol ndiye aliyemwona kwanza. Alikuwa uani anakaanga shayiri kwenye mchanga wa moto. Alipoinua kichwa kufuta jasho, huko chini akamwona goba Gyalson, mkuu wa kijiji, anapandisha kilima kwa taabu, tumbo mbele, mfuko wa unga begani.

"Aba," akamwita baba yake, "mkubwa wako anakuja. Leo kajibebea mzigo mwenyewe. Sijui punda wa kijiji wamekufa wote."

Tundup alikuwa amekaa juu ya ukuta anasokota manyoya ya mbuzi. Kijiti cha kusokotea kikasimama mkononi mwake, kisha kikaanza tena kuzunguka, kwa kasi kuliko mwanzo.

"Jule," goba akasalimu, anahema.

"Jule, Goba-le," Chorol akaitikia kwa ile adabu inayouma kuliko tusi. "Karibu. Chai imekwisha."

Birika lilikuwa pale pale motoni linatoa mvuke. Goba akalitazama, akautua mfuko chini, akajifanya hakuliona.

"Rinpoche anakuja keshokutwa," akasema, akimtaja mtawa wao mkuu kwa sauti ya heshima. "Mara ya kwanza tangu… tangu mara ile."

"Mara ile ina jina," Chorol akamwambia. "Ni mara ile mama yangu alipokufa."

Goba akavua kofia. Ni mtu aliyezoea kusikilizwa, aliyepiga picha na kila kiongozi wa dini aliyewahi kupita bonde lile na kuzitundika zote sebuleni, yeye akiwa katikati. Wakubwa ndivyo walivyo, hata wakiomba huomba kama wanaogawa. Lakini siku ile aliomba kweli.

"Tundup, wasichana wamejaribu kuzichora zile alama nane za mapokezi. Samaki wao kama figili. Gurudumu wamelitia spoki saba."

"Litafika," Tundup akasema, ulimi ukimponyoka, "ila litachechemea."

Goba akacheka, akadhani mlango umefunguka. Chorol akaufunga.

"Chora wewe mwenyewe, Goba-le. Mkono wako si ndio ule uliojua kusimamisha gari la mgonjwa? Basi tuone kama unajua na kumwaga unga."

Shayiri ikapasuka kwenye mchanga, pa, pa, pa. Goba hakumtazama Chorol. Alimtazama Tundup, kitambo kidogo tu, kama mtu anayechungulia ndani ya nyumba kuona kama mwenyewe yupo. Tundup akayakazia macho manyoya ya mbuzi. Mwisho goba akageuka kuteremka, na mfuko wa unga akauacha pale pale mlangoni.

Kijiji kizima kiliijua hadithi ya mkono wa goba. Miaka saba nyuma, siku ya kumpokea Rinpoche, Kunzes mkewe Tundup alishikwa na tumbo. Akapakiwa kwenye pikapu ya Jigmet apelekwe hospitali ya mjini Leh. Walipofika pale barabara inapobanwa kati ya ukuta mrefu wa mawe ya sala na mfereji wa maji, gari likasimama. Mbele yao chini palikuwa pamechorwa alama nane za heri kwa unga mweupe, na ada ni kwamba hakuna mguu wala ukwato unaozikanyaga kabla ya mgeni mtukufu. Waliokuwa wamejipanga huko chini na vitambaa vyao vyeupe walimwona goba anakimbilia gari, mkono juu. Gari halikupita. Likangoja kwa muda wa saa tatu. Kunzes akafia njiani, ng'ambo ya daraja.

Hivyo ndivyo ilivyojulikana. Goba alikuwa akiingia kwenye harusi, vicheko vinapungua. Watoto walicheza mchezo wa kuinua mkono na kusema "Simama, unga!" Tundup alikuwa akiwasikia kutoka juu ya ukuta wake, akaendelea kusokota.

Na hakuishia kwa goba. Aliilaumu na kamati ya kijiji, ambayo ilipewa saruji ya kupanua barabara pale penye mfereji, ikajengea jukwaa la wageni. Aliwalaumu wakubwa wa zahanati, kwamba waliweka kibao kizuri chenye maandishi ya rangi tatu na ndani hakuna hata dawa ya kutuliza. Aliwalaumu watawa waliokuwa wakipiga simu kila baada ya dakika kumi kusema Rinpoche amekaribia, naye yuko nyumba ya tajiri mmoja anakunywa chai. Maneno hayo yote yalikuwa ya kweli. Ndiyo maana yalimfaa. Mtu akitaka kuficha jiwe moja, hulificha kwenye rundo la mawe.

Mchana ule goba alipokwisha kwenda, Chorol akanawa mikono, akaingia ndani, akatoka na karatasi. Alikuwa mwuguzi wa zahanati sasa, zahanati ile ile, na dawa zilikuwapo kwa sababu alizigombania yeye. Akakaa chini mbele ya baba yake.

"Sikia, Aba. Nimeandika kwa jina lako. 'Mimi Tundup, mume wa marehemu Kunzes, nashuhudia kwamba goba Gyalson alilizuia kwa mkono wake gari lililombeba mke wangu, kwa sababu ya michoro ya unga, na kwa hiyo akafa. Naomba mtu huyu asituongoze tena, na kijiji kijitenge naye.' Nitampa Rinpoche mkononi, mbele ya watu wote. Akisema neno moja tu, ugoba umekwisha."

"Kijitenge naye," Tundup akarudia.

"Ndiyo. Aonje."

Kutengwa si kunyimwa salamu tu. Kila nyumba kijijini ina kundi lake la nyumba zinazozikana. Mtu akifa, jamaa zake wa damu hulia, na watu wa kundi ndio humwosha, humbeba na kumwashia moto. Aliyetengwa akifa, hulala pale alipofia mpaka aonewe huruma. Na nyumba ya Tundup na nyumba ya goba zilikuwa kundi moja. Gyalson ndiye aliyembeba Kunzes mgongoni mpaka mahali pa kuchomea, na tumbo lake lile. Ndiye aliyepanga kuni. Tundup alimwacha abebe, kisha akarudi nyumbani kumtukana.

"Weka dole gumba hapa," Chorol akasema. Alikuwa ameazima kidau cha wino cha zahanati. "Mimi nitaandika jina lako pembeni."

Tundup hakujua kuandika. Wakati wa wenzake kwenda shule yeye alikuwa malishoni. Kitu pekee alichokijua kidole kile ni unga: kuuachia kati yake na kidole cha shahada, mwembamba kama uzi, bila kukatika.

"Keshokutwa," akasema. "Siku yenyewe. Leo mikono ina mafuta ya manyoya."

Chorol akamwangalia. "Haya. Lakini usije ukamwonea huruma, Aba. Yeye hakumhurumia Mama."

Kikulacho ki nguoni mwako. Tangu dakika ile Tundup hakuonja chakula kikashuka vizuri. Maana hadithi ya mkono wa goba ilianzia mdomoni mwake, na ilianza kwa neno moja tu. Chorol alikuwa akisomea uuguzi Leh mwaka ule. Alipopigiwa simu, alikwenda kusimama kwenye geti la hospitali kumngoja mama yake. Akangoja tangu asubuhi mpaka jua likageuka. Gari lilipofika akafungua mlango mwenyewe, akaona. Hakulia. Aliuliza tu, "Nani kawachelewesha?"

Na Tundup akajibu, "Goba."

Ukweli wenyewe aliujua yeye, na Jigmet dereva, ambaye alishahamia mbali kwenye kazi za barabara za jeshi, na goba. Ukweli ni kwamba goba alikimbia mkono juu akipiga kelele, "Piteni! Piteni! Ni unga tu!" Huko chini ngoma ziliyameza maneno hayo. Jigmet akatia gia. Na Tundup, aliyekuwa amekaa nyuma kwenye pikapu na kichwa cha mkewe pajani, akagonga paa la gari kwa ngumi.

"Ngoja! Wamesema yuko darajani. Haifiki nusu saa."

"Tundup, una wazimu?" goba akasema. "Mpeleke mkeo."

"Atapita, atambariki. Baraka yake ni kubwa kuliko sindano. Ngoja, nimesema! Mke ni wangu."

Alilisema hilo la baraka kwa sauti, akajiaminisha. Lakini chini ya hilo palikuwa na jingine, na hilo ndilo lililomla miaka saba. Alama zile alizichora yeye. Alianza kabla jua halijatoka, magoti juu ya barafu, na zilikuwa kubwa kama milango, zimejaza barabara kutoka ukutani hadi mferejini. Hakuna aliyemwambia azijaze. Na fundo lisilo na mwanzo wala mwisho alilichora kwa mkupuo mmoja, bila kuinua mkono, bila unga kukatika, jambo ambalo hata babu yake hakuliweza. Alitaka Rinpoche alione. Alitaka mtu mkubwa mmoja, mara moja katika maisha yake, ashuke garini aulize: nani kachora hili?

Saa ya kwanza ilipopita ikawa vigumu kukubali kwamba amekosea. Ya pili ikawa vigumu zaidi. Kunzes hakulalamika. Alijiinua mara moja kwenye kiwiko, akachungulia mbele kando ya gari, uso umelowa jasho, akasema, "Fundo limekuja zuri." Akalala tena.

Rinpoche alipofika, magari sita yalipita mbio juu ya alama zote nane. Vioo vilikuwa vimefungwa kwa sababu ya vumbi. Hakuna aliyeuliza kitu.

Siku ya mapokezi Tundup alitoka jua limekwisha kushika vilele, mfuko wa unga begani. Chorol alikuwa anavaa, anahangaika na kilemba cha feruzi cha mama yake. Alidhani baba yake amekwenda kunywesha ng'ombe.

Barabarani wasichana walikuwa wamekwisha kufagia na kunyunyizia maji. Samaki wao walikuwapo bado, na kweli walikuwa figili. Tundup akazifuta alama zote kwa ufagio. Wasichana wakatazamana, wakaenda kuchoma ubani.

Akapiga magoti ubavuni mwa ukuta wa mawe ya sala, akaanza na mwavuli. Mwavuli ni kivuli, ni kinga ya anayeungua. Aliuchora mdogo, kama sinia. Kisha samaki wawili waliotazamana, wasioogopa maji yoyote hata yawe marefu vipi. Kisha mtungi usiokauka. Babu yake alimfundisha kwamba anayechora lazima aseme moyoni maana ya kila alama, ama sivyo ni unga wa chapati tu. Alipofika kwenye yungiyungi, ua linalotoka kwenye tope likiwa safi, alijaribu kusema maana yake, moyo ukakataa. Akalichora hivyo hivyo bila maana, akasogea mbele. Kombe la kupuliza akalichora upesi upesi.

Kivuli kikamwangukia. Hakuhitaji kuinua kichwa. Lile tumbo alilijua hata kivuli chake.

"Umekuja," goba akasema.

"Figili zako ziliniudhi."

Goba akasimama anatazama. Kisha akasema, "Lakini mbona umezibana ukutani? Barabara yote hii tupu."

"Gari lipite."

"Gari la Rinpoche litapita juu yake, ndiyo ada."

"Gari la mtu mwingine," Tundup akasema. "Likitokea."

Goba akautazama upande ule mtupu. Akachuchumaa, magoti yakalia, akawa karibu sana hata Tundup akasikia harufu ya siagi kwenye nguo zake.

"Mbona hukusema?" Tundup akamwuliza huku anaanza fundo. Aliuliza akiutazama unga. "Miaka saba yote. Ungesimama mkutanini ukasema, mwongo ni Tundup."

"Nani angeniamini? Goba hulaumiwa hata kwa mvua ya mawe. Nikaona na hili liingie humo humo." Akajikuna kidevu. "Halafu wewe ulikuwa huli. Ulikuwa unaishi kwa kunitukana. Nikasema, mwache anitukane, angalau pumzi anapata. Ila sikudhani utanitukana muda mrefu hivyo, mbwa wewe."

Tundup akainua macho kumtazama. Unga ukakatika katikati ya fundo. Akaweka kidole pale ulipokatika, akaunganisha, akaendelea, lakini kiungo kilionekana, kinene kama kovu.

"Chorol ana barua," akasema.

"Najua. Amemwambia mke wangu kisimani, eti tujiandae." Goba akainuka kwa kujishika ukutani. "Fanya haraka. Wameshapita daraja. Mara hii kweli."

Akateremka kwenda kwa watu. Alitembea ule upande wa mfereji, kwenye njia tupu, kwa uangalifu kama anayepita jikoni mwa watu.

Tundup akachora bendera ya ushindi, akachora gurudumu, spoki nane, akazihesabu mara mbili. Alikuwa bado kapiga magoti Chorol alipokuja. Feruzi za mama yake zilimeta kichwani. Karatasi ilikuwa imechomekwa kwenye mshipi, kidau cha wino mkononi.

"Aba! Unamchorea goba? Leo?"

"Simchorei yeye."

"Nimekutafuta hadi zizini. Lete kidole, wanakaribia." Akafungua kidau. Kisha macho yake yakaishika barabara, upande ule mtupu, uliofagiliwa, upana wa gari moja. Chorol hakuwa mjinga. "Njia hii ya nini?"

"Ya mama yako."

"Sema vizuri."

Tundup akatazama dole gumba lake, jeupe kwa unga mpaka kwenye mpasuko wa ukucha. Huko chini ngoma zilikuwa zimeanza, na zumari likajiunga.

"Goba hakusimamisha gari," akasema. "Alisema tupite. Alipiga kelele tupite. Mimi ndiye niliyegonga paa. Alama zilikuwa zangu na sikutaka zikanyagwe. Nilisema nangoja baraka, na nilizingoja kweli, lakini nilitaka pia Rinpoche azione. Ulipouliza pale getini, nilifungua mdomo kusema 'mimi', likatoka jina la mtu."

Chorol alisimama bila kutikisika, kidau wazi mkononi. Wino ulimwagika kidogo, ukamshuka kwenye vidole. Hakuufuta.

"Mama alisikia? Ulipogonga?"

"Alisikia."

"Alisema nini?"

Hilo Tundup hakuwahi kumwambia mtu. "Alisema fundo limekuja zuri."

Chorol akafumba macho. Alipoyafumbua hayakuwa na machozi, yalikuwa yale yale aliyoyaona Tundup pale kwenye geti la hospitali.

"Nimewafunza watoto wa kijiji kizima kumchukia," akasema polepole. "Ule mchezo wa mkono, unajua aliutunga nani? Mimi. Nilipokuja likizo."

"Chorol, mama…"

"Usiniite mama." Akachomoa karatasi kwenye mshipi, akaikunja mara nne, akairudisha. "Jioni nitaandika nyingine. Nitaisoma mkutanini, wote wakiwapo, na yeye akiwapo. Hiyo utaweka dole."

"Nitaweka."

"Na wakijitenga nawe?"

"Wajitenge."

Tundup alidhani binti yake atapita kwenye ile njia tupu. Hakupita. Alishuka katikati ya alama, hatua moja moja, viatu vyake vya sufu juu ya mwavuli, juu ya samaki, juu ya mtungi, hakukwepa hata moja. Wanawake waliojipanga chini wakashika midomo.

"Chorol! Alama!" mmoja akapiga ukelele. "Rinpoche bado! Mrudisheni!"

"Mwacheni," goba akasema kutoka kwenye mstari. Sauti yake ilikuwa kubwa, ile ya mtu aliyezoea kusikilizwa. "Mwacheni apite. Ni unga tu."

Chorol akasimama. Alikuwa juu ya fundo. Tundup alimwona mgongo ukijikaza, kama mtu aliyeitwa jina na mtu asiyemtarajia. Halafu akaendelea mpaka mwisho wa alama, akaenda pale aliposimama goba. Goba akavuta tumbo ndani, akasogea, akampa nafasi kwenye mstari, naye akaichukua.

Magari yakaja. La mbele lilikuwa jeupe. Dereva akaona upande umechorwa na upande uko wazi, akashika ulio wazi, na mengine yakamfuata. Hakuna tairi lililogusa alama. Tundup aliinamisha paji la uso mpaka chini kama ada inavyotaka, na kwa hiyo hata safari hii hakumwona Rinpoche uso, wala hakujua kama kioo kilikuwa kimefunguliwa.

Alipoinuka, vumbi lilikuwa linatua. Watu wote walikuwa wamekimbilia jukwaani. Fundo lilikuwa mbele yake, na unyayo wa binti yake katikati, umekipata kile kiungo kinene kilichokuwa kama kovu, umekitawanya. Kiganjani alikuwa na unga bado, wa kutosha kulitengeneza.

Akaufunga mkono. Akakaa pale ukutani, akangoja jioni.